Watoto wa Januari 2001 Pemba: mmewaambia nini watoto wenu?

BintiKarafuu

Asalaam aleikum wote. Nina swali kwa wale waliokuwa watoto Pemba mwezi wa Januari 2001, na kwa wale ambao baba, kaka au ami zao waliondoka wakati ule. Lakini lazima nianze na maelezo, la sivyo swali halitaeleweka.

Mwanangu wa kwanza ana miaka 11. Kazaliwa Dar es Salaam, Pemba anaijua ya likizo tu: embe, bahari, na bibi yake anayempa boflo na chai ya maziwa kabla ya kulala. Juzi aliona kwenye simu yangu picha za harusi ya Shimoni, Kenya. Babu yake amekaa mbele na kanzu nyeupe, na nyuma yake wamesimama vijana wenye paji la uso lile lile la babu. Akauliza, "Hawa ni nani? Na mbona babu anakaa Kenya na bibi anakaa Pemba?" Mama yangu alikuwa kwangu, amekuja kutibiwa macho. Alimjibu kabla mie sijafungua mdomo: "Babu yako alikwenda dago, mjukuu wangu."

Nilikuwa nakuna nazi. Nikaendelea kukuna. Maneno hayo hayo ndiyo niliyofundishwa mie nikiwa na miaka 9, nikayasema mpaka yakawa yanatoka yenyewe.

Kwa ndugu wa bara: dago ni kambi ya wavuvi. Wapemba huondoka na vyombo vyao wakakaa wiki au miezi upande wa Shimoni, Wasini, Vanga, Tanga, Mafia, popote samaki walipo, halafu wakarudi. Kwa hiyo mtoto wa mvuvi akisema baba kenda dago, hakuna anayeshangaa. Ndiyo maana mama aliyachagua maneno hayo.

Yaliyotokea mnayajua, lakini vijana wengi humu hawajui, basi niyaseme kwa ufupi. Uchaguzi wa Zanzibar wa tarehe 29 Oktoba 2000 ulivurugika, matokeo ya majimbo 16 yakafutwa, ukarudiwa Novemba 5 na CUF, chama cha upinzani, wakasusia. Chama kikaitisha maandamano ya tarehe 27 Januari 2001, serikali ikayapiga marufuku. Watu wakatoka. Ilikuwa Jumamosi. Risasi zikapigwa Wete, Micheweni, Chake Chake, na Unguja mjini. Tume iliyoongozwa na Brigedia Jenerali Hashim Mbita ilitaja watu 31 waliokufa. Human Rights Watch walisema si chini ya 35, na majeruhi zaidi ya 600. Askari pia alikufa. Watu zaidi ya 2,000 walivuka bahari kwenda Kenya.

Baba yangu alikuwa mmoja wao.

Yeye alikuwa mvuvi, na msimu wa karafuu alikuwa anapanda mikarafuu ya watu kuchuma kwa ujira. Siku ile alitoka alfajiri baada ya sala. Alirudi jua limeshapinda, kwa mlango wa uani, si wa mbele. Alichota maji ya mtungi akayanywa kwa kusimama. Baba yangu alikuwa akituona tunakunywa maji kwa kusimama anatugombeza, anasema kaeni, bismillahi, mnywe taratibu. Mie nilikuwa nimekaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi, nikamwona. Hapo ndipo nilipojua kuna kitu kibaya, kabla sijaambiwa lolote. Aliongea na mama kwa sauti ndogo. Akabadilisha kikoi, akachukua mshipi wake na kidumu cha maji, akatoka mfano wa mtu anayekwenda pwani kama siku zote. Hakutuaga. Mdogo wangu alikuwa amelala.

Usiku ule mama alichukua kadi ya chama na picha moja tuliyokuwa nayo ya baba, amevaa fulana ya chama, akazitia mekoni. Ilikuwa ndiyo picha yake pekee mle ndani. Mie nilikuwa nikiulizwa sura ya baba miaka iliyofuata nilikuwa namkumbuka mikono tu, na shingo.

Asubuhi tukakalishwa chini, mie na kaka yangu. Mama akasema: "Baba yenu kenda dago. Alikwenda wiki iliyopita. Mkiulizwa na yeyote, hata mwalimu wa chuo cha Kurani, hata shangazi." Akanikaririsha mie peke yangu mara nyingi, kwa sababu mie ndiye niliyekuwa msemaji sana. Kenda lini? Wiki iliyopita. Na nani? Na ami. Dago la wapi? La Tanga. Alisema Tanga makusudi, asitaje Shimoni.

Wakaja. Sitasema ni kina nani, walikuwa watu wenye silaha na walikuwa wanapita nyumba hadi nyumba. Walimwaga mchele wetu, wakachukua redio. Mmoja aliinama mpaka usawa wangu, akaniuliza kwa upole kabisa, baba yuko wapi, binti? Nikasema kenda dago. Akauliza jana alikuwepo? Nikasema hapana, kenda wiki iliyopita na ami, dago la Tanga. Nilisema vizuri sana, bila kukosea hata neno. Mama baadaye alinibusu kichwani, na mie nikajisikia mkubwa. Lakini mkojo ulikuwa umenitoka na sikujua mpaka kaka aliponionesha.

Tangu hapo sikuacha. Skuli nilisema dago. Chuoni nilisema dago. Msimu wa karafuu mama alipokuwa anachambua kwa watu, kwa pishi, wanawake wakimuuliza mumeo yuko wapi, mie ndiye niliyekuwa najibu kabla yake. Ulikuja Muafaka wa Oktoba 2001, makubaliano ya CUF na chama tawala CCM, watu wakarejea, majirani wawili wakarejea, na baba hakurejea. Mwaka mmoja baadaye mvuvi mmoja alileta barua. Mama alipewa talaka yake kwa barua ile. Baba alikuwa ameoa huko. Simlaumu kwa kuoa, nimeshamsikiliza mwenyewe na nimeshaelewa alivyoishi. Alianza kuja kutuona nikiwa na miaka 16. Alishuka bandarini Wete nikapeana naye mkono kama mgeni.

Sasa swali langu. Mama yangu bado anaogopa. Serikali zimebadilika, ya umoja wa kitaifa imekuja, Maalim Seif amekuwa Makamu wa Kwanza wa Rais na amefariki, na mama bado anasema dago. Nikimwambia mwanangu ukweli, namfanya bibi yake muongo mbele ya mjukuu, na mwanamke huyu alituokoa kwa maneno yale. Nikinyamaza, namrithisha mwanangu jambo nililolibeba mie. Nyinyi mlifanyaje? Mlianzia wapi? Na je, mliwaomba wazee ruhusa?

Naomba tusigeuze uzi huu kuwa wa vyama.

---

MwanaWasini

Wa aleikum salaam dada. Mimi niko upande wa pili wa bahari, nimezaliwa Wasini, nimelelewa Shimoni. Mwaka ule nilikuwa kidato cha pili.

Nakuambia nilichoona. Vyombo vilianza kuingia wakati wa kaskazi, madau na mashua, vingine vimejaa hata maji yanakaribia ukingo. Kulikuwa na watu wenye majeraha ya risasi, siku zimepita hawajafungwa vizuri. Walilala msikitini, walilala skuli, na wengi walilala majumbani kwetu, maana nusu ya watu wa Shimoni wana damu ya Pemba. Mama yangu alipika ugali kwa sufuria ya harusi. Baadaye UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, wakaja na mabasi, wakawapeleka kambi ya wakimbizi ya Dadaab, mbali na bahari. Hapo ndipo watu wetu waligawanyika. Wengine walipanda. Wengine walikataa, walisema sisi ni watu wa bahari, mnatupeleka jangwani kufanya nini? Wakajificha ndani ya ukoo. Nahisi baba yako alikuwa katika hao.

Na waliojificha maisha yao hayakuwa mepesi. Hawakuwa wakimbizi kwa karatasi, wala hawakuwa Wakenya. Mvuvi asiye na kitambulisho hapati leseni, akikutana na doria anarudi pwani mikono mitupu au harudi kabisa usiku ule. Ndiyo sababu wengi hawakuja kuwaona watoto wao Pemba. Mtu akitoka, kurudi ni bahati nasibu.

Sasa nikuambie jambo ambalo pengine hujalifikiria. Hao ndugu zako wa Shimoni, waliomo kwenye picha, wamelelewa na wao kwa maneno ya kufundishwa. Watoto wa Wapemba hapa walikuwa wanaambiwa: ukiulizwa kabila skuli, sema Mvumba, sema Mdigo. Usiseme Pemba. Kwa sababu mtoto akitaja Pemba, baba hana kitambulisho, na mtoto mwenyewe akifika umri hatapata. Nilisoma na wenzangu wa namna hiyo, mmoja alikuwa wa kwanza darasani na alipomaliza hakuweza hata kufungua akaunti ya benki. Mambo haya yamebadilika juzi tu, mwaka 2023, serikali ya Kenya ilipoitambua jamii ya Wapemba rasmi.

Kwa hiyo wewe ulikuwa unasema baba kenda dago, na ndugu zako walikuwa wanasema baba ni Mdigo. Baba huyo huyo mmoja. Mimi ningekuwa wewe ningeanza na hao ndugu. Waulize wao waliambiwa nini.

---

Msemakweli_Mkoani

Dada mnachimba ya nini haya? Muafaka ulisainiwa, watu wamesameheana. Mtoto wa miaka 11 anahitaji hesabu na dini. Ukimwambia risasi atakua na chuki.

---

KijanaWaDadaab

Msemakweli, mie nimekua nayo moyoni na sina chuki na mtu. Kilichonisumbua ni kutojua. Niruhusu nieleze.

Nilikuwa na miaka 7. Sisi tulipanda mabasi anayoyataja MwanaWasini. Nakumbuka nilifurahi sana kwa sababu sikuwahi kupanda basi refu. Kila nikiuliza tunakwenda wapi, naambiwa "kutembea". Tukatembea mpaka miti ikaisha. Tulipofika Dadaab mama yangu alishuka akaangalia mchanga, akauliza pwani iko upande gani ili ajue kibla. Alikuwa anakijua kibla kwa bahari.

Tulipewa mahema, unga, mafuta, maharage. Hakuna samaki. Bibi yangu alikataa kula siku za mwanzo, si kwa kiburi, chakula kilikuwa hakimpiti kooni. Maji unapanga foleni na kidumu. Watoto wa Kisomali waliokuwepo miaka na miaka walituonesha jinsi ya kupanga vidumu badala ya watu, mtu anakwenda kivulini, kidumu kinasimama kwenye mstari. Nilijifunza Kisomali haraka kuliko wote kwetu, nikawa mkalimani wa mama sokoni.

Na huku kote hakuna aliyeniambia kwa nini tuko pale. Nikaunda sababu yangu mwenyewe. Siku tulizoondoka Pemba nilikuwa nimeiba embe za mwalimu, nikapigwa. Nikaamini tumefukuzwa kwa embe zile. Nawaapia Mungu, nimeishi na imani hiyo muda mrefu, hata tulipokuwa tumesharudi nyumbani. Nilikuwa nikimwona bibi analia nasema moyoni, ni mie. BintiKarafuu, wewe ulipewa uongo ukajua ni uongo, ulijua una kazi. Mie sikupewa kitu.

Ami yangu yeye hakurudi na sisi. Alisema haamini karatasi zilizosainiwa. Yeye na wenzake wachache waliondoka Dadaab wakaingia Somalia, wakakaa Mogadishu, hebu fikiri mtu anakimbilia Mogadishu kutafuta amani. Mwaka 2012 UNHCR iliwarudisha Zanzibar baadhi ya Wazanzibari waliokuwa wamekwama kule. Ami hakuwemo. Watoto wake ambao ni binamu zangu sijawaona kwa macho.

Binti yangu nilimwambia akiwa na miaka 8. Sikuanza na risasi. Nilichukua ramani, nikamwonesha Wete, nikamwonesha Shimoni, nikamwonesha Dadaab, nikasema mie nilikuwa hapa, nikapita hapa, nikakaa hapa. Akauliza mwenyewe, "Kwa nini?" Nikajibu kile alichouliza tu, nikaacha. Baada ya siku chache akarudi na swali jingine. Hivyo hivyo mpaka leo. Ruhusa ya wazee sikuomba, lakini mama yangu nilimwita akae karibu, aongezee. Aliongeza mambo ambayo hata mie sikuyajua.

---

Line_Ya_Zamani

Nimefikiria sana kama niandike. Mkiona sistahili kuwa hapa niambieni, nitafuta.

Baba yangu alikuwa askari. Sisi ni wa bara, alihamishiwa Pemba 1999 na tukaenda naye. Nilikuwa na miaka 10, nilisoma darasa moja na watoto wa Wete, nilikuwa na rafiki ambaye tulikuwa tunagawana mkate wa kumimina wa mama yake. Hata kabla ya 2001 kulikuwa na kususiana, mnakumbuka wenyewe: huyu haendi msibani kwa yule, duka hili haliuzii upande ule. Sisi watoto wa line, yaani makazi ya askari, tulikuwa tunatumwa dukani kwa sababu watoto tulikuwa tunauziwa kidogo.

Ile wikendi tulifungiwa ndani. Tulisikia milio. Baba hakurudi siku mbili. Aliporudi alikaa nje kwenye ngazi na viatu vyake, hakuvivua, na mama alimpelekea maji ya kuoga yakapoa. Baada ya hapo rafiki yangu hakunisemesha tena. Mama yake alipita nami njiani akageuza uso kwenye ukuta. Wiki chache baadaye tukasafirishwa bara, sikumuaga.

Baba amekufa 2014. Hakusema hata neno moja, sijui alifyatua au hakufyatua. Nilimuuliza mara moja nikiwa mkubwa, akainuka akaenda kulisha kuku. Mwaka 2019 niliposikia Mzee Mkapa ameandika katika kumbukumbu zake kwamba mauaji yale ni doa katika urais wake, nilikaa nikalia, maana rais alikuwa ameweza kusema na baba yangu hakuweza.

BintiKarafuu, hukuwataja waliokuja kwenu, na nimeiona heshima hiyo. Nilitaka tu ujue kuna watoto upande wa pili ambao na sisi tulifundishwa la kusema. Sisi tuliambiwa tukiulizwa kazi ya baba tuseme ni dereva.

---

BintiKarafuu

Line_Ya_Zamani, usifute. Tafadhali usifute. Nimesoma ulichoandika nikampigia simu kaka yangu nikamsomea chote.

Msemakweli, nimekuelewa, na najua unasema kwa nia njema. Lakini chuki nimeiona kwa watu walioambiwa nusu. Aliyeambiwa yote anabaki na huzuni, na huzuni haijamfanya mtu amsusie mwenzake maiti.

---

BibiWaMuscat

Wanangu, mimi ni mtu mzima, nasoma na miwani miwili. Nilikuwa na miaka 6 mwaka 1964. Baba yetu alichukuliwa nyumbani Unguja mwezi wa Ramadhani, Januari ile ile ya Mapinduzi. Tukaambiwa amesafiri. Tuliletwa Muscat baadaye na mjomba wetu, ndugu zangu wawili wakabaki kwa bibi kwa sababu hawakupata nafasi ya kutoka. Mmoja nilimwona tena yeye ana wajukuu.

Mama yangu alikuwa akisikia mlango unagongwa usiku anasema "karejea". Alisema hivyo mpaka uzeeni, Oman, katika nyumba ambayo baba hakuwahi kuijua. Sikumuuliza kitu, nikidhani namhifadhi. Amekufa na yote. Leo wajukuu zangu wananiuliza baba wa bibi yao alizikwa wapi, nami sina la kuwapa.

Binti, mama yako yu hai na anaweza kusema. Muulize yeye kwanza, sio kwa ajili ya ruhusa. Muulize nani alimvusha mumewe, chombo cha nani, walipita wapi. Mwanamke aliyechoma picha kwa mkono wake ana mengi ambayo hajaulizwa na mtu. Kaa naye wakati wa kuchambua mchele, usimkazie macho.

---

BintiKarafuu

Bibi yangu wa Muscat, nakubusu mikono. Narudi kuwapa habari, kwa sababu mmenisaidia na ni haki yenu.

Nilimfuata mama jikoni, si kwa mchele, ilikuwa dagaa, tunavitoa vichwa. Sikumuuliza kuhusu mtoto. Nilimuuliza kama Bibi alivyosema: chombo kilikuwa cha nani? Aliendelea na dagaa wake muda mrefu nikadhani hatajibu. Halafu akasema jina la mzee mmoja jirani yetu, ambaye miaka yote ile nilikuwa namwona mtu wa chama kingine na alikuwa hatuamkii. Yeye ndiye aliyetoa ngalawa. Alikuwa hatuamkii makusudi, walipatana hivyo na mama, ili asitiliwe shaka. Mama anasema alikuwa anatuwekea samaki kwenye shina la mchungwa, na mie ndiye niliyekuwa natumwa kuwachukua, nikiambiwa ni sadaka ya msikitini. Wale samaki nawakumbuka. Mzee yule amekufa, nilikwenda msibani kwake kwa kulazimishwa na mama, nikanuna.

Nikamwambia, mama, mjukuu wako anauliza, na mie nataka ajue. Akasema, "Atakwenda kusema skuli." Nikasema akisema je? Akanyamaza. Baadaye kabisa, tumeshakula, akasema: "Basi nitamwambia mimi. Wewe usimwambie, wewe ulikuwa mtoto, hujui yote." Na ni kweli, sikujua.

Amemwambia Ijumaa, baada ya sala, wamekaa barazani. Mie nilikaa mlangoni. Alianza na mikarafuu, babu yako alikuwa hodari wa kupanda, akaja kwenye uchaguzi, akaja kwenye maandamano. Hakumficha risasi. Alipofika mahali pa watu wenye silaha aliniita, akasema, "Hapa aseme mama yako, yeye ndiye aliyejibu." Nikasema. Ile habari ya mkojo pia nimeisema. Mwanangu aliuliza maswali mawili: kwanza, kama niliogopa. Pili, kama babu anajua kwamba nilimjibia. Hilo la pili sikuwahi kujiuliza. Hajui. Sijawahi kumwambia, na yeye hajawahi kuuliza siku zile zilikuwaje kwetu, huwa tunazungumza samaki na afya.

Kwa hiyo tunakwenda Shimoni likizo ya Disemba, mie, mume wangu na watoto. Mama hataki kwenda, na hilo sitamlazimisha. Amesema nimpelekee baba karafuu na asali, na nimwambie talaka aliipokea bila kinyongo.

Kaka yangu wa Shimoni nimeshamuuliza, kama MwanaWasini ulivyoshauri. Ni kweli. Skuli alijiandikisha Mdigo. Aliniuliza na yeye kitu ambacho hakuwahi kuuliza: kama baba alikuwa na picha yoyote ya ujanani. Nikamweleza iliishia wapi. Kama kuna mtu humu mwenye picha za wavuvi wa kaskazini ya Pemba za miaka ya tisini, za regata, za harusi, za mpira, hata za kundi, naomba aniandikie kwa faragha, nitazitazama zote.

MwanaWasini, tutapita Tanga. Nielekeze kutoka mpakani.

---

MwanaWasini

Karibuni sana. Kutoka Tanga pandeni basi la mpakani, Horohoro mtagonga mihuri, upande wa pili ni Lunga Lunga. Hapo chukueni matatu ya Likoni, mwambieni kondakta awashushe njia panda ya Shimoni, msikubali kupelekwa mpaka Ukunda. Pale njia panda kuna matatu ndogo na bodaboda, lakini kwa vile mna watoto nipigieni, nitakuja na gari ya mjomba.

Kila mtoto awe na hati yake ya kusafiria, cheti cha kuzaliwa peke yake kinawaletea maneno. Na mje kabla ya katikati ya mwezi, baba yako namfahamu, nimeuliza. Bamvua, yaani maji makuu, likianza huwa haonekani nchi kavu.